Chini ya Mlingoti wa Bendera

Sweta la shule likinyeshewa kisha likaanikwa juu ya jiko la makaa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwa kitu kingine chochote. Ni harufu ya kondoo, ya moshi, ya jasho la mtoto na ya mboga ya jana, vyote pamoja. Wewe uliyesoma miaka yetu unaijua. Asubuhi moja, si zamani sana, harufu hiyo ilipenya kutoka chumba cha jirani ikanikuta bado nimejifunika. Siku hizi napanga Maralal, kwenye ploti ya mbao na mabati ambapo kati yangu na jirani pana ubao tu, na ubao wenyewe una nyufa. Nilikuja huku kupikia watu wanaojenga barabara. Kabla ya hapa nilikuwa Lodwar, na kabla ya Lodwar nilikuwa Garissa, Mwingi, Voi, na kwingine ambako hata majina nimeanza kuyachanganya. Barabara ikiisha nafunga sufuria zangu nafuata nyingine.

Basi nikiwa bado nimelala, nikawasikia wakizozana.

"Mtoto amechemka usiku mzima halafu unamvalisha sweta ya shule?" Huyo alikuwa mume, kijana wa bodaboda.

"Amechemka usiku. Saa hii amepoa."

"Mwalimu alisema mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Alisema kwa mkutano, na wewe ulikuwa umekaa hapo mbele."

"Abaki na nani, Baba Nasieku? Na wewe? Ama na paka?"

Nilisikia pikipiki ikikataa, ikikataa tena, kisha ikawaka na kuondoka. Mimi nikabaki naangalia mabati. Abaki na nani. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mahali pengine, kwa Kiswahili kilichovunjika zaidi, kutoka kwa mwanamke mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa chai.

Kwetu ni upande wa Boito. Anayeyajua maeneo yale anajua jinsi vilima vinavyofuatana, kila kimoja kimevaa chai hadi miguuni, na kati ya kilima na kilima kuna kijito. Shamba letu la chai lilikuwa kwenye mteremko unaotazama mto. Nyumba yetu haikuwa hapo. Ilikuwa upande wa pili wa kilima, nyuma ya mikaratusi, karibu na boma la ng'ombe, ili upepo usiipige. Ng'ambo ya mto, kwenye kilima cha pili, kulikuwa na shule. Asubuhi tulishuka kwa njia nyembamba katikati ya chai, tukavuka kwa gogo, tukapanda tena, na hadi tufike sketi na kaptura zilikuwa zimelowa umande.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai upande wa Kericho, akawa anakuja mwisho wa mwezi na mkate na betri za redio. Dada zangu walikuwa wameolewa. Nyumbani tulikuwa mama na mimi, na ng'ombe, na mvua. Sikujua wakati huo kwamba huo ni upweke. Nilidhani ndivyo nyumba zote zilivyo baada ya saa moja ya asubuhi, kimya, na kuku wakitembea ndani kana kwamba ni wao wenye nyumba.

Mama hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Kwetu miaka ile hakuna aliyekumbatia mtoto akishaota meno. Lakini alikuwa na jambo moja. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa kuchuma. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama kisigino, yenye nyufa zilizojaa weusi usiotoka hata kwa jiwe, na vidole havikuweza kutofautisha maji ya moto na ya uvuguvugu. Kwa hiyo alipotaka kujua kama mtoto ana homa hakutumia mkono. Aliinama, akaweka shavu lake shingoni kwangu, chini ya sikio, akatulia. Shavu lake lilikuwa laini ajabu, na baridi, likinuka moshi na maziwa. Kisha alisimama akasema, "Umepoa," au akasema, "Bado." Mimi nilikuwa naingojea nafasi hiyo kuliko chakula.

Mwaka ninaousimulia, homa ilipanda milimani kwetu. Zamani wazee waliijua malaria kama ugonjwa wa watu walioteremka kuelekea ziwani kutafuta kazi, wakarudi wanatetemeka. Milima yetu ilikuwa na baridi ya kuua mbu, ndivyo tulivyoamini. Kwa hiyo ilipotukuta hapo hapo vitandani, baada ya mvua ndefu, watu walitafuta sababu wanayoifahamu, na waliyoifahamu ilikuwa mahindi mabichi. Ugonjwa ulikuja wakati mahindi yanaanza kukomaa, basi mahindi ndiyo yenye homa. Mama alinipiga marufuku. Jioni nilikaa karibu na moto nikiwatazama majirani, waliorudi kutoka mashamba yao, wakichoma na kutafuna, na mimi nimepewa uji, nikiwa na hakika kwamba nikionja punje moja nitakufa. Neti ya mbu hatukuwa nayo. Hata wazo lake hatukuwa nalo.

Kwenye zahanati nilipewa vidonge vichungu vilivyonifanya nijikune usiku kucha kama niliyelala kwenye upupu. Homa ikashuka, kisha ikarudi. Tena ilikuwa na ujanja wake. Asubuhi niliamka nimepoa, mwepesi, hata nina njaa. Mama aliweka shavu, akasema, "Umepoa. Vaa." Halafu jua likishapanda, wakati wengine wanaanza somo la pili, baridi ilinianzia mgongoni ikishuka kwenye miguu, meno yakaanza kugongana, na saa moja baadaye nilikuwa nawaka.

Mara ya kwanza ilipokuwa hivyo, mama alinichukua siku iliyofuata hadi shambani. Alinikalisha katikati ya mistari ya chai, juu ya gunia, akanifunika kwa plastiki. Chai ya kwetu haikauki. Ukiigusa inakumwagia maji, na mchana mvua ilikuja kama kawaida yake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebebwa mgongoni na kikapu kikiwa kimebebwa kifuani. Hakunipeleka shambani tena. Siku moja alinifungia nyumbani na chupa ya chai na kipande cha ugali, nikalia hadi sauti ikaisha, na aliporudi alinikuta chini, karibu na meko, blanketi limeungua pembeni. Hakunifokea. Alilitazama lile blanketi kwa muda mrefu, kisha akaanza kukamua ng'ombe.

Kesho yake akanivalisha sweta. Lilikuwa limekaa juu ya meko usiku kucha na lilikuwa bado na joto.

"Nina baridi," nikamwambia.

"Huna. Nimekupima."

"Itakuja."

"Ikija, ikukute shuleni," akasema.

Nililia njia nzima hadi kwenye gogo. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtoto anayependwa ndiye anayebaki nyumbani.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu tulimwita Madam Wambui. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa Nyandarua wakafungua duka la vifaa sokoni, na yeye alikuwa mwanamke nadhifu, mkali, mwenye kuchoka. Darasani mwake watoto walikuwa wanaanguka kama maharagwe. Asubuhi kwenye gwaride alikuwa ametangaza mara nyingi, "Waambieni wazazi wenu, mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Hapa si hospitali." Siku niliyoanza kutetemeka hadi dawati likawa linapiga kelele na darasa zima linacheka, alimtuma mtoto wa jirani yetu akamwite mama shambani.

Mama alifika na kikapu bado mgongoni. Kiunoni alikuwa amejifunga gunia jeupe la mbolea, lile ambalo wachumaji hulipasua na kulivaa kama aproni ili chai isiwalowanishe. Alisimama mlangoni hakuingia.

"Bot Chebet," Madam alimwita hivyo, kwa jina la heshima la kwetu, maana yake mama wa Chebet. "Huyu mtoto ni mgonjwa. Kwa nini unamleta?"

"Asubuhi iko sawa, mwalimu. Inashika yeye baadaye."

"Sasa ukijua inamshika baadaye, si ungemwacha nyumbani?"

"Abaki na nani?"

Madam alishusha chaki. "Mimi nina watoto darasa zima hapa. Nikimwangalia huyu, nani atafundisha hawa? Na huyu anawasumbua. Ona, hakuna mtu anasoma."

Mama akatazama nje, uwanjani, kwa muda. Kisha akainua mkono, akaonyesha.

"Basi weka yeye nje. Kwa jua. Pale kwa bendera."

"Kwa bendera?"

"Pale, mwalimu. Tafadhali. Si kwingine."

Mtu akacheka kwa pua. Sharti nieleze. Mlingoti wa bendera ulikuwa mbele ya shule, karibu na lango, na chini yake kulikuwa na mahali palipolimwa na magoti ya watoto hadi nyasi zikaisha. Aliyechelewa alipiga magoti pale. Aliyeongea Kikipsigis darasani alipiga magoti pale. Aliyeiba penseli, aliyejikojolea, aliyepatikana na miwa. Hapakuwa na mahali pengine pa aibu katika shule nzima, na mama yangu mwenyewe, kwa kidole chake cheusi, alikuwa amepachagua kwa ajili yangu.

Madam naye alionekana kushangaa, lakini alikubali. Nilitandikiwa gunia. Nikakaa nimeegemea mlingoti, uso kuelekea langoni, na mama akaondoka akapita mbele yangu. Nilimtazama akishuka hadi akamezwa na chai.

Tangu siku hiyo hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Baridi ilipoanza, nilisimama mwenyewe, nikachukua gunia langu nyuma ya mlango, nikatoka. Kiprono, aliyekuwa mchekeshaji wa darasa na aliyekaa karibu na dirisha, aliimba, "Bendera imepandishwa!" Hata kama ni Jumanne, siku isiyo ya bendera, aliimba hivyo hivyo, na wote wakasimama wima kwa saluti hadi Madam awachape. Jina la Bendera likaniganda. Mchana wakati wa maziwa ya shule, zile pakiti za pembetatu, mtoto aliyetumwa kwangu aliiweka pakiti mbali, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua, kisha akakimbia. Waliamini nitawaambukiza. Sikuweza kuyanywa. Niliiweka shavuni kwa sababu ilikuwa baridi na laini.

Shule ilizungukwa na ua mnene wa misipresi, mirefu kuliko paa, ukuta wa kijani kila upande. Palikuwa na pengo langoni tu. Kupitia pengo hilo, nikiwa pale chini, niliona kipande cha kilima chetu ng'ambo ya mto: mistari michache ya chai, ile ya chini kabisa, karibu na maji. Na katika kipande hicho, kila nilipofungua macho, kulikuwa na kitu cheupe. Gunia la mama.

Mwanzoni nilifurahi. Kisha Kiprono, aliyekuwa amepigishwa magoti kando yangu kwa kuchelewa, akafuata macho yangu akacheka.

"Huyo ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Anakuchunga usitoroke. Kama ng'ombe. Jaribu kusimama uone kama hatakuja na fimbo."

Nikaamini. Ilikuwa na maana kabisa. Kwa nini mtu angesimama pale siku baada ya siku, mahali pale pale, kama si kulinda? Alijua nataka kurudi nyumbani. Alikuwa ameniweka mahali pa wakosaji na sasa alikuwa anahakikisha adhabu inakamilika. Nikaanza kulichukia lile gunia. Homa ikinipanda liliongezeka, likawa magunia mengi, likawa kundi la kondoo mteremkoni, likawa jicho. Nilikuwa nageuka nalalia upande mwingine ili nisilione, na nikigeuka niliziona tu alama za magoti ya watoto kwenye udongo.

Jioni, kama nimepata nafuu, nilienda naye kituoni kupimisha majani. Mama alikuwa mchumaji anayejulikana. Majani mawili na kichipukizi, hakuna zaidi, kikapu chake kilimwagwa mezani bila karani kuondoa hata jani moja. Siku zile mambo yaligeuka. Kikapu kilikuja na majani machache, tena mengine yamekomaa, magumu.

"Bot Chebet," karani alimtania mbele ya watu wote, "leo umechumia mbuzi?"

Wanawake wakacheka, wakimtazama usoni kuona kama naye atacheka. Hakucheka. "Chai imechoka," alisema, akakusanya yaliyokataliwa akayarudisha kikapuni. Njiani nilitembea nyuma yake nikifikiri: amechoka kwa sababu yangu. Kunilinda kunamchosha. Nikipona ataweza kuniacha na kurudi kwenye chai yake. Nilitaka kupona kwa hasira.

Kisha ikaja siku mbaya. Siikumbuki yote. Nakumbuka baridi haikuja siku hiyo, ulikuja moto moja kwa moja. Nakumbuka darasa la tatu wakiimba hesabu za kuzidisha, sauti zikipanda na kushuka, na kamba ya bendera ikigonga chuma juu ya kichwa changu, ting, ting, ting. Nakumbuka nikiteleza kutoka mlingotini, shavu likagusa udongo, na mkono wangu ukaanza kurukaruka peke yake, nikiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Halafu hakuna kitu. Halafu moshi na maziwa. Shavu shingoni mwangu. Niliinuliwa, na aliyeniinua alikuwa amelowa maji hadi kifuani na alikuwa anahema kama ng'ombe aliyekimbizwa.

Alinibeba hadi zahanati, mbio, njia ya mlimani. Nilidungwa sindano kwa siku kadhaa, masikio yakawa yanalia kama nyuki, na nilipoanza kusikia vizuri tena, homa ilikuwa imeondoka na haikurudi mwaka huo. Mtoto mmoja wa darasa la pili haikumwacha. Tuliimba msibani kwao tukiwa na sare.

Nikarudi darasani, gunia langu likabaki nyuma ya mlango hadi panya wakalitafuna. Mama akarudi kuchuma juu ya kilima. Hatukuzungumza habari hizo, si wakati huo wala baadaye. Sikuwa na la kuuliza. Nilikuwa nimeshaelewa, au nilidhani hivyo: mimi ni mtu anayeweza kutolewa nje. Jambo kama hilo mtoto halilii. Analiweka mahali, kisha anajenga juu yake. Nilipomaliza kidato cha nne sikungoja hata matokeo yakauke kwenye ubao. Niliondoka, na tangu hapo nimekuwa hodari wa kuondoka. Sijawahi kukaa mahali hadi waanze kunizoea. Kila mji nilioingia nilitafuta chumba karibu na barabara, kitanda kuelekea mlangoni.

Mama alifariki nikiwa Lodwar. Nilifika siku ya mazishi, kaburi limeshachimbwa, watu wamejaa hadi kwenye mikaratusi. Jioni, walipokwisha kutawanyika na vyombo vimeoshwa, mwanamume mnene mwenye upara alinijia na kikombe cha chai.

"Bendera," akasema.

Nilimjua kwa sauti. Kiprono. Sasa alikuwa anapakia majani kwenye lori la kiwanda, ana watoto wakubwa. Tulikaa kwenye benchi tukacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani, kwa woga. Nikamwambia, ili tu kuendeleza maneno, "Angalau siku ile nilipoanguka ulikimbia haraka kumwita mama."

"Nani? Mimi?"

"Si wewe uliyetumwa?"

"Chebet, hakuna mtu alitumwa." Aliweka kikombe chini. "Sisi tulikuwa ndani tunaimba. Hata Madam hakujua umeanguka. Tulishtuka tu mama yako yuko mlangoni, maji yanamtoka hivi, amekubeba. Akasema, 'Mwalimu, nimechukua mtoto.' Basi. Akaenda. Madam aliangusha chaki. Alilia, unajua? Alitoka nje akalia." Akakiinua tena kikombe. "Mimi nilifikiri unajua. Miaka hii yote."

Asubuhi iliyofuata, kabla wengine hawajaamka, nilijifunga gunia nikaingia kwenye chai. Ilikuwa imeachwa wakati wa ugonjwa wake, imejaa na kuinuka, na nilitaka mikono yangu ifanye kitu. Nilianza juu kabisa, karibu na mikaratusi. Nikainua macho kutafuta shule. Sikuiona. Niliona misipresi tu. Nikashuka mistari kadhaa, nikatazama tena. Misipresi. Nyumbani ndiko hakuonekani kabisa, kilima chote kiko katikati. Nikaendelea kushuka, nikiacha majani mazuri nyuma yangu bila kuyagusa, hadi nikafika chini, kwenye mistari michache ya mwisho ambako unasikia maji. Nikageuka. Na hapo, kupitia pengo la lango, niliona kitu kimoja cha shule ile, na ni kimoja tu. Mlingoti wa bendera, kutoka ncha hadi udongoni.

Nilisimama pale nikiwa na kikapu kitupu.

Kila mtu aliyewahi kuchuma chai anajua jambo ambalo mimi, mtoto wa chai, sikuwahi kulifikiria. Mstari ukishachumwa leo, kesho hauna kitu. Hata kesho kutwa. Unauacha, unahamia mwingine, unazunguka shamba lote, na kwenye baridi ya kwetu unaweza kungoja hata wiki mbili kabla haujakurudishia vichipukizi. Hakuna anayechuma mahali pamoja siku baada ya siku. Mama alisimama kwenye mistari ile ya chini wakati wote wa homa yangu. Chai ya juu ikakomaa na kuharibika, karani akamcheka, na yeye alikuwa huku chini, mikono yake iliyokufa ganzi ikitembea juu ya michai iliyokwisha kuchumwa, ikichuma hewa, ili mpita njia asiseme amekaa bure.

Watu wa rika langu wanapobishana kama mzazi ampeleke mtoto mgonjwa shuleni, huwa nanyamaza. Madam Wambui alikuwa na haki. Darasa halikuwa wodi, na yule mtoto wa darasa la pili nadhani alipaswa kuwa amelala kwake. Mama naye hakuwa na mtu wa kumwachia. Hayo mawili nimezunguka nayo nchi nzima na bado hayajakaa kwenye kiti kimoja.

Asubuhi ile ya Maralal niliamka, nikafungua mlango. Mama Nasieku alikuwa anamfunga mtoto viatu, beseni la sukuma la kuuza sokoni liko tayari kando yake. Nasieku alinitazama kwa macho yale ya kung'aa ninayoyafahamu.

"Shosho wa sufuria," mama yake akanitania kama bibi yao, "hebu nigusie huyu. Baba yake anasema nataka kumuua."

Mikono yangu nayo imekufa, kwa masufuria na mvuke. Niliinama nikaweka shavu shingoni mwa mtoto. Alikuwa na harufu ya lile sweta.

"Amepoa," nikasema.

"Si nilisema!"

"Amepoa sasa. Mwambie mwalimu amkalishe nje, upande wa barabara. Na ukirudi kutoka sokoni mpitishe zahanati wampime damu."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza, lakini soko halingoji. Wakaenda.

Ilikuwa Ijumaa, wafanyakazi wa kampuni walikuwa wamekwenda mjini, sikuwa na wa kumpikia hadi jioni. Nilichukua kigoda changu na beseni la njegere, nikavuka barabara, nikaketi mbele ya ua wa waya wa shule. Nasieku alikuwa amekalishwa kwenye ngazi za darasa, kichwa kwenye magoti. Nilimenya njegere polepole. Watu walipita wakinisalimia, wengine wakauliza kama nauza. Jua likapanda. Njegere zikaisha, beseni likabaki na maganda matupu, nami nikaendelea kuyachukua moja moja, kuyafungua na kuyarudisha.

Nasieku aliinua kichwa mara moja. Aliniona. Akakunja uso kwa hasira ya mtu aliyekamatwa, akanipa mgongo.

Nikachukua ganda jingine.